Ukurasa wa Papa

Jumatatu, 22 Juni
Nimechota maji, nimefagia. Papa ananingojea, kitabu ku magoti. Tonton Basile, rafiki ya Papa, zamani caissier mwenye kulipa watu pesa mu benki, ndiye alikileta: historia ya ile benki ya Paris. Papa alikuwa planton wa benki hiyo hapa Bukavu miaka kumi na tisa, akifungua mulango na kubeba makaratasi, mupaka benki ilipofunga hapa. Kuna muzungu alimupiga picha, akamuambia itaingia mu kitabu. Papa hajui kusoma Kifaransa. "Nitafutie ukurasa wangu, binti yangu."

Jumatano, 24 Juni
Nimemaliza kitabu. Familia mbili zinaanzisha benki. Serikali inaichukua, halafu inaiuza. Inaungana na ingine. Inabadilisha jina mara tatu. Wakurugenzi, wakurugenzi. Afrika: mistari mine. Bukavu hapana. Papa hapana.
Niliogopa uso wake. Nikafungua popote, nikasoma: "Kule Bukavu, planton mumoja mwaminifu alifika kila asubuhi kabla ya wote." Nilitunga. Picha? Nikasema ilikosa nafasi.
Akafumba macho. "Soma tena."

Ijumaa, 26 Juni
Ameomba mara ine. Kila mara naongeza kitu. Nasikia haya. Furaha yake inaniumiza.
Jumapili watu wa shirika la kanisa watakuja kusali kwetu. Anataka niwasomee. Mie, mwenye kutetemeka mwalimu akiita tu jina langu.

Jumapili, 28 Juni
Nilisoma. Sauti ikakatika. Tonton Basile akaninyooshea mukono. "Leta, maman, nikusaidie." Akaangalia. "Lakini hapa wanaongelea Londres, kwa Waingereza." Akageuza kurasa zote mupaka mwisho, akacheka bila ubaya. "Planton gani? Hata mie caissier simo. Bukavu yenyewe haimo."
Watu wakacheka. Papa akacheka kuliko wote.
Walipotoka, Papa alifunga kitabu, akaenda kulala. Heri angenipiga.

Jumanne, 30 Juni
Ananiongelesha: chumvi, maji, funga mulango. Basi. Kitabu amekirudisha.
Nilitaka kuomba pardon. Ilinishinda, mu Kiswahili na mu Kifaransa.

Alhamisi, 2 Julai
Proclamation: masomo wametangaza matokeo. Nimekuwa wa pili mu darasa. Nimemusomea Papa bulletin yangu, karatasi ya alama, polepole. Alifuata kila mustari na kidole. Akasema, "Asante, mama."
Kisha akavaa viatu, akaichukua bulletin, akaenda nayo kwa Tonton Basile, amusomee tena.