Pono Amejifukia Mchangani

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanicheka, mimi ni kinyozi na mke wangu ni muuguzi, na tangu mama yake afariki ghafla mwezi uliopita, akirudi kutoka kazini hukaa mbele ya tangi letu la samaki wa maji ya chumvi, anatazama mapovu yanavyopanda, hasemi, halii, ile taa ya buluu inampiga usoni mpaka naona kama naye yumo humo ndani anaelea, basi nikasema nimletee kitu cha kumfurahisha, nikanunua pono mdogo, mwekundu mwenye mistari ya kijani, nikamtia majini, mke wangu akatabasamu, haki ya Mungu alitabasamu, kisha samaki akainamisha kichwa akazama mchangani, na leo ni siku ya sita. Mke wangu alisema tu, "Hata huyu kaondoka bila kuaga." Kila asubuhi akishatoka nachokonoa mchanga kwa kijiko, simpati. Dukani yupo mwingine wa sura ileile. Nimtie kimyakimya, nimwambie mke wangu ndiye yule? Naogopa kumdanganya, lakini naogopa zaidi kumpoteza.

Kinyozi

Ndugu Kinyozi, kwanza rudisha kijiko jikoni. Sijakucheka, ila kidogo. Nimemuuliza mfugaji mmoja wa samaki hawa, akashika kichwa. Pono wa aina hiyo akihamishwa hujifukia, hulala mchangani hata wiki nzima mpaka aizoee nyumba. Na wewe, mtu mzima, kila asubuhi unamfukua! Ungekuwa yeye ungetoka?

Huyo mwingine mwache dukani. Wa kwanza akitokea, utamwambia nini mkeo? Amefiwa, hajapofuka. Aliyeondoka bila kuaga ni mama yake, na pengo hilo hulizibi kwa samaki wa kufanana. Pole sana, naona unavyompenda, lakini mapenzi yako yana haraka ya mteja aliyeacha gari likiunguruma nje ya duka la kinyozi.

Funika tangi kwa wavu, maana samaki hao wakishtuka huruka nje. Punguza taa. Mwambie mkeo ukweli wote, hata wa kijiko, huenda akacheka. Kisha vuta kiti, kaa kando yake, ufunge mdomo. Akitaka kumtaja mama yake, atamtaja.

Na siku mchanga ukianza kutikisika, usipige kelele, usinyooshe kidole. Mwache amwone mwenyewe.