Chumvi Ambayo Glodie Hajarudishiwa

Quartier Ngezi, Bunia
Tarehe 16 Machi 2025

Mpendwa wifi yangu Alphonsine,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba hata ngazi za kanisa zinakushinda, na tangu hapo nikimwona mama wa umri wako anapanda mlima na mzigo, nakuwaza. Huko Kisangani mvua imeanza? Huku imeanza, na wadudu wa mahindi pia.

Sisi tunaendelea, Mungu ni mwema. Koko, mama yenu, anakula vizuri na bado anasikia hata yale tusiyotaka asikie. Gaël anacheza mpira mpaka viatu vimefungua midomo. Mimi niko na meza yangu ya mboga sokoni. Kaburi la Laurent tulilisafisha wiki iliyopita. Juzi nilinunua nanasi, nikajikuta nimelitia chumvi, kama ndugu yako alivyokuwa akifanya na wewe ukimcheka. Nililila lote peke yangu, wala sikulia.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikae chini niandike. Ni habari ya Glodie.

Unakumbuka siku ya kutoa matanga, ulivyowaita watoto wa Laurent ukawawekea chumvi ulimini, kama desturi yetu inavyotaka: mtoto aliyefiwa na baba hali chumvi mpaka shangazi yake amrudishie kwa mkono wake mwenyewe. Siku ile Glodie tulikuwa tumemtuma kijijini Marabo kuleta ndizi za wageni. Mvua ikaharibu barabara, akalala huko. Alipofika kesho yake, wewe ulikuwa umekwisha kupanda ndege. Mimi nilidhani mlionana asubuhi. Koko alidhani nimemwita mtoto mapema. Nawe bila shaka ulidhani yumo kati ya wale waliopanga mstari. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na Glodie, kwa adabu aliyofunzwa na baba yake, hakuuliza.

Wifi, mtoto huyu hajala chumvi tangu siku ile mpaka leo. Yeye ndiye anayepika, kwa hiyo anajipakulia sahani yake kwanza, kisha anatia chumvi kwenye sufuria yetu. Mkate anaukataa, anasema hautaki. Nilimwona akikonda, nikamwona akishika ukuta kwa kizunguzungu akitoka kuchota maji, nikasema ni huzuni, itapita. Muuguzi alimpa vidonge vya damu. Hakuna aliyejua.

Na sasa sikiliza jinsi tulivyojua, maana jambo lenyewe limetoka mbali sana, zaidi ya Kisangani.

Mwalimu wao, Monsieur Roger, aliwafundisha habari ya jiwe moja linaloitwa Bennu, linalozunguka jua kama sisi tunavyolizunguka. Wamarekani walituma mashine huko, ikaligusa kidogo tu, ikazoa vumbi lake na kulifunga vizuri. Ilipopita tena karibu na dunia, iliangusha kifurushi kwa mwavuli jangwani, yenyewe ikaendelea na safari kwenda kutazama jiwe lingine. Mwanzoni mwa mwaka huu wenye elimu walitangaza kwamba ndani ya vumbi lile mna chumvi za namna nyingi, kama zile zinazobaki kidimbwi kikikauka. Maana yake, zamani sana, kabla hata Milima ya Buluu haijainuka, kulikuwa na maji ya chumvi mahali jiwe lile lilipotoka. Na mna pia vitu vidogo ambavyo miili ya vyote vilivyo hai inajengwa navyo. Uhai wenyewe hawakuuona, Monsieur Roger alisisitiza hilo, lakini viungo vyake vipo.

Aliwaambia pia habari ya mwezi mmoja wa Zohali, ile sayari tuliyoiita Saturne shuleni, jinsi mashine nyingine ilivyouona ukirusha maji ya chumvi kwenye nyufa za barafu. Na ile darubini kubwa iliyoko huko juu gizani inayoona nuru iliyoanza safari kabla dunia yetu haijakuwepo. Sikuelewa vyote. Lakini Glodie akinieleza, uso wake unakuwa ule wa zamani.

Basi, Monsieur Roger alikausha maji ya chumvi kwenye sahani dirishani, watoto waone wenyewe, kisha akaipitisha kila mmoja alambe. Ilipomfikia Glodie akakataa. Wenzake wakamcheka: “Ee, Glodie! Unaogopa chumvi kama konokono!” Ndipo akasema polepole, “Miye sijarudishiwa.” Wakaacha kumcheka, kwa sababu wengi wao wamefiwa, wanajua maana yake. Mwalimu alimsindikiza mpaka nyumbani.

Siku hiyo nilimkumbatia. Nilitaka nimpe mimi mwenyewe papo hapo, lakini Koko alisema mkono ni wa shangazi, si wa mama. Na Glodie hataki kumkosea baba yake. Nikasema basi tukupigie simu, useme maneno na mimi niweke. Glodie akanijibu, “Maman, simu haina mukono.” Koko akacheka mpaka akakohoa.

Tunajua huwezi kuja. Barabara ya Komanda si ya kumshauri mtu apite, na magoti yako hayawezi tena mambo ya uwanja wa ndege. Ni Glodie aliyepata njia. Alimwambia nyanya yake, “Koko, ile mashine haikushuka huku chini. Ilipita tu juu, ikaangusha kifurushi, ikaenda zake. Na vumbi lilikuwa la kule kweli.”

Koko akamtazama. “Na nani alijua hawakulibadilisha mu njia?”

“Lilifungwa kulekule, Koko. Halikufunguliwa mpaka likafika. Mawe yanayoanguka yenyewe kutoka juu, unyevu wa hewa yetu unakula chumvi yake. Hili lilibaki na chumvi kwa sababu lilifungwa.”

Mama yenu alikivuta kitenge chake. Kisha akasema, “Basi Alphonsine afunge yeye mwenyewe. Na nisisikie mutu wa njiani amechungulia.”

Kwa hiyo, wifi yangu, nakuomba. Jirani yetu Mireille ndiye anayekuletea barua hii, na atarudi kabla ya Pasaka. Chota chumvi kwa vidole vyako, taja jina la Glodie na la baba yake, funga kwa karatasi na plastiki juu, kisha ushone. Kidogo tu, kiasi cha ulimi. Usijilaumu, wala mimi sijilaumu tena. Mtoto ametuonyesha kwamba mkono unaweza kufika bila mwenye mkono.

Ameniambia atakapomaliza humanités pale sekondari anataka kusoma fizikia. Sijui itawezekanaje. Lakini ni mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akisema “nitakapomaliza.”

Wasalimie sana shemeji Adrien, Félicité na mtoto wake mchanga, na Chris, mwambie asisahau kuandika. Koko anawabariki wote kwa majina, nami nimechoka kuyaandika. Bwana awalinde kulala na kuamka, ayape magoti yako nguvu, na amfikishe Mireille salama kwenda na kurudi.

Siku atakapofika, nitapika maharagwe, na Glodie hatajipakulia sahani yake kwanza. Atakula kwenye sufuria yetu.

Wako akupendaye kama wa tumbo moja,

Rébecca, mama Glodie