Vijiwe vya Sikuzani

Baba Sikuzani,

Nimewahi zamu. Kiporo kilichobaki kimo sufuriani, kipashe moto. Mtoto yuko kwa jirani, ukamchukue saa kumi.

Usirudi tena lile duka la Ladypool Road kugombana. Kijiwe ulichotafuna asubuhi nilikitia mimi. Mama yako kila barua anauliza kama mjukuu wake anajua kuchagua mchele, na mchele wa huku ughaibuni hauna hata chembe ya mchanga. Basi jana nikatia vijiwe kumi na viwili kwenye sinia. Ningekwambia, ila ulishatoka na mfuko wa mchele kwapani kuurudisha.

~~Nisamehe.~~ Mwombe radhi mwenye duka.

Sikuzani alivitoa akivihesabu kwa Kiswahili, bila kulazimishwa! Kiswahili chake kinaishia kumi, akaacha hapo, nami kwa furaha nikapika. Cha kumi na moja umekipata wewe. Tafuna polepole.

Mama Sikuzani