Mpiga Mbizi wa Plastiki

Buyenzi, Bujumbura

Kaka yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Nakuona umekaa kibarazani na kikombe chako cha chai ya tangawizi, na mama yuko ndani anauliza barua imetoka kwa nani. Mwambie imetoka kwangu, mwambie sote wazima, kisha ingia chumbani uisome peke yako. Magoti ya mama yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Mwamini, yule mfanyabiashara wa vitenge anayekuja huku na kurudi Kigoma, ilifika? Na wifi yangu kikohozi kimemwacha?

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, simu ya nyumbani ni ya watu wote. Mnaweka sauti juu, mama anasikiliza, watoto wanasikiliza, hata jirani akipita anasalimia humo humo. Hili ninalotaka kukwambia haliwezi kupita kwenye simu ya namna hiyo.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Ramadhani bado yuko gereji, ila kazi imepungua sana kwa sababu mafuta ya gari yamekuwa adimu. Magari yamesimama, na gari lililosimama haliharibiki. Mimi bado niko kwenye kibanda changu cha vipuri. Siku nyingine nauza oringi mbili tatu tu, vile vipira vya duara vya kuzuia oili isivuje, halafu nakaa nikitazama wapita njia. Sada sasa anajua Kifaransa kuliko mimi na baba yake, ananicheka ninavyokitamka. Nikienda ufukweni asubuhi kununua dagaa, nasimama kidogo. Ziwa ni lile lile, na milima ya Kongo ng'ambo ni ile ile, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Kila kitu kipo isipokuwa ninyi.

Basi nikueleze kilichotokea.

Wiki kadhaa zilizopita alikuja kibandani mtu mmoja kutoka Nyakabiga, kwa miguu, amevaa shati la ofisini na viatu vimejaa vumbi. Anaitwa Bwana Evariste. Ni karani serikalini, umri kama wako. Alisimama akingoja wateja wengine waondoke, kama mtu aliyekuja kununua dawa ya ugonjwa wa aibu. Kisha akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na mtu wa plastiki aliyekatika vipande viwili, kiwiliwili huku, miguu kule.

"Mi sitafuti ya gari, mama Sada," akaniambia. "Natafuta kapira kadogo, ka kuingia humu ndani. Kake kamekatika."

Nilichukua vile vipande nikavigeuza. Mgongoni kulikuwa na skrubu ndogo kama mbegu ya nyanya. Magoti yanakunja, viwiko vinakunja, shingo inageuka. Kaka, unajua tayari alikuwa ni nani. Hakuwa yule wetu wa utotoni, huyu alikuwa askari wa kofia nyekundu, lakini alikuwa wa ukoo ule ule. Harufu yake ilikuwa ile ile, ya plastiki ya zamani na jasho la mikono. Nilijikuta nimemnusa mbele ya mteja.

Nilijaribu oringi nne kabla ya kupata inayomfaa. Ni ya sindano ya pampu ya dizeli. Ramadhani alituazima bisibisi yake ndogo kabisa, tukamfungua mgongo, tukakipitisha kipira kwenye ndoano ya miguu, tukamfunga. Bwana Evariste akamsimamisha juu ya meza. Akasimama bila kushikwa. Yule mtu mzima akacheka kwa sauti ya chini, peke yake, akasahau kabisa kama tupo.

Alisema anao wengine wenye shida hiyo hiyo, kwani vipira vyao vyote vilitengenezwa zamani na sasa vinakauka kwa pamoja. Akaniomba nije na oringi zangu siku ya Jumapili, mke wake atanipikia. Ramadhani alinisindikiza.

Kwake ni nyumba ndogo, safi. Sebuleni wengine huweka vyombo vya arusi kwenye kabati la vioo, yeye ameweka hao watu wa plastiki. Anawaita bonome, kwa Kifaransa chao. Wamesimama kwa safu, ishirini na kitu, kila mmoja na silaha yake au begi lake. Mwanawe aliyeko Ubelgiji huwatafuta kwenye masoko ya vitu vya mitumba na kumtumia mmoja mmoja. Alinifundisha mambo ambayo sikujua kama yapo duniani. Kuna watu wazima huko Ulaya wanaowatafuta hawa kama wengine wanavyotafuta dhahabu. Mwenye bunduki yake ndogo anathaminiwa kuliko asiye nayo. Ukimpaka rangi mpya ili apendeze, umemuua. Na anayeshinda wote ni yule ambaye hajawahi kutolewa kwenye pakiti yake.

Nikamuuliza, kwa hiyo asiyechezewa na mtoto hata siku moja ndiye wa thamani kuliko wote?

Akasema kwa wanaouza, ndivyo. Kwake yeye ni kinyume. Akafungua kabati, akatoa mmoja aliyechakaa kabisa, uso umefutika, na kwenye mkono alama za meno. Alama za meno yake mwenyewe, alipokuwa mdogo.

Huyo ndiye pekee aliye wa utotoni mwake. Wengine wote ni wa kutafuta upya. Alinieleza kwamba wakati wa vurugu familia yao ilikimbia nyumba wakiwa na nguo za mwilini tu. Huko ukimbizini, mama yake kila siku alikuwa akisema kuwa jirani yao, mama mmoja wa mlango wa pili, ndiye aliyebeba vitu vyao vyote mpaka sufuria. Aliyasema hayo miaka. Watoto wakakua wakimchukia yule mama. Waliporudi, huyo mama akaja mlangoni na beseni. Ndani ameweka picha zao za familia, cheti cha ubatizo na huyo bonome. Aliviokota nyumba ilipokuwa inaporwa, akavificha chini ya kitanda chake muda wote huo.

"Mama yangu alipokea beseni," Bwana Evariste akasema. "Lakini hakuomba samahani. Alijua, akanyamaza tu. Yule mama akakufa. Na mama yangu naye akakufa. Sasa nani ataisema?"

Mke wake akaleta chakula, wakazungumza mengine na Ramadhani. Mimi niliangalia kabati ili wasione uso wangu. Na hapo ndipo nilipomwona, kwenye safu ya nyuma. Suti ya kijani, miwani ya majini usoni, mtungi wa hewa wa rangi ya chungwa mgongoni. Mpiga mbizi wako, Athumani.

Unakumbuka baba alivyomleta. Alipokuwa kuli bandarini, yule mhandisi mgeni aliyekuwa anaondoka alimpa boksi la vitu, na ndani ya viatu vya watoto baba akamkuta. Mtaa mzima haukuwa na kitu kama kile. Tulimwita Komando ingawa hakuwa na bunduki. Ulimlaza chini ya mto wako. Mimi uliniruhusu kumshika nikiwa nimekaa tu, na nimenawa mikono.

Sasa soma polepole, kaka. Shabani hakumchukua.

Nilimchukua mimi. Nilikuwa na miaka saba. Ninyi mlikuwa madrasa, wewe na Shabani wako, ambao hamkuachana hata kwa kula. Nilitaka kumwona akipiga mbizi kweli. Nilikwenda naye ziwani, pale akina mama wanapofulia. Alielea. Nikaona haya si maisha ya mpiga mbizi, nikamfunga jiwe kwa uzi wa baba wa kushonea nyavu, nikamshusha. Alizama vizuri sana, akiwa amesimama wima, miwani inang'aa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena. Kisha nikavuta uzi, ukaja mtupu.

Niliingia majini mpaka shingoni nikipapasa. Uliporudi ukamkosa chini ya mto, ukalia kama mtu aliyefiwa. Baba akauliza nani aliingia chumbani. Nikasema maneno sita tu, nayakumbuka yote: "Nilimwona Shabani akitoka na kitu mfukoni."

Yaliyobaki unayajua kuliko mimi. Baba alikwenda kwa baba yake. Shabani alichapwa nje, watu wanaangalia, na kila alipoulizwa amemficha wapi alisema hajui, akachapwa tena kwa kuwa mkaidi. Nilikuwa nyuma ya mlango wetu. Ningeweza kutoka. Wewe hukumsemesha tena, na watoto wakaanza kumwita Komando kwa kumdhihaki. Leo vijana wa Ujiji wanamwita hivyo hivyo, wakidhani ni kwa sababu ya kifua chake kipana. Ana cherehani yake karibu na msikiti, na wewe unapita mbele yake ukielekea mjini kushonesha kanzu.

Ningeweza kuendelea kunyamaza kama si mazishi ya baba, miaka minne iliyopita, mara ya mwisho nilipokuja nyumbani. Nilimwona Shabani akiondoka na wanaume kwenda makaburini, jembe begani. Mke wake aliniambia baadaye kuwa alichimba tangu mwanzo mpaka mwisho, hakukubali kupokewa. Alimchimbia kaburi mtu aliyesababisha achapwe. Waliporudi wakagawiwa chakula, na wewe ulipita na sinia ukampa aliyekuwa kulia kwake na aliyekuwa kushoto kwake. Sikukulaumu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, sikutoka mpaka wageni walipoondoka, mkasema ni uchovu wa safari.

Pale Nyakabiga, Bwana Evariste alikuwa na wapiga mbizi wawili. Mmoja kamili, mwingine hana miwani na kidole gumba kimekatika. Kwa kazi ya vipira hakutaka niondoke mikono mitupu, akaniambia nichague. Nikamwomba yule mbovu. Akauliza nampelekea nani. Nikamsimulia, hapo hapo mezani, mbele ya mke wake na mbele ya Ramadhani, ambaye nimeishi naye miaka kumi na tano na hakuwa akilijua jambo hili.

Tukiwa njiani Ramadhani akasema hayo ni mambo ya watoto, yalikwisha, nitaamsha nini. Nikamuuliza, kama yalikwisha, kwa nini kaka yangu anageuza shingo kila akipita pale? Tulipokaribia nyumbani akasema nikitaka kuandika, yeye atakaa kibandani siku hiyo. Ndiyo leo.

Nataka ujue kwamba nilifikiria kukutumia wewe huyu mpiga mbizi bila maelezo. Ningeandika tu kwamba nimemwona sokoni nikakukumbuka. Ungefurahi, ungemweka juu ya redio, na mimi ningesikia raha kidogo. Siku mbili mzigo ulikaa umefungwa kwa namna hiyo. Siku ya tatu nikaufungua.

Bi Mwamini anakuletea kifurushi pamoja na barua hii. Sukari na kitenge ni vya mama. Kofia ya kufuma ni yako. Kile kiboksi kidogo nilichokizungushia utepe wa gundi usikifungue. Humo yumo mpiga mbizi, na juu nimeandika jina la Shabani, kwa sababu yeye ndiye aliyemlipia.

Nakuomba umpelekee wewe, kwa mkono wako. Sina mtu mwingine wa kumtuma, na sitaki awe mtu mwingine. Mwambie nililolifanya, usipunguze. Akikataa kukipokea, kiache kwenye meza ya cherehani. Akitaka kunitukana, mpe namba yangu, nitapokea na nitasikiliza mpaka mwisho. Na ukitaka kunitukana wewe, vivyo hivyo. Mama mwachie mimi. Nitakuja baada ya mfungo, mafuta yawepo yasiwepo, nimwambie mwenyewe nikiwa nimekaa miguuni pake.

Nisalimie wifi yangu, mwambie Sada bado anavaa lile gauni alilomshonea. Nisalimie wanao, waambie shangazi anawaota. Msalimie shangazi yetu mkubwa wa Gungu, na mwalimu wetu wa madrasa kama bado anatoka nje. Ramadhani anasema shemeji, salaam nyingi.

Nimekukumbuka, Athumani. Nawakumbuka hata ninyi wawili mkiwa njiani mkitoka madrasa, mikono mabegani, mnaimba vibaya.

Mdogo wako aliyekudanganya,
Zaituni