Springi Mpya za Gari Lako na Jina la Michée

Kashikishi, Nchelenge,
Tarehe 9 Machi 2024.

Mpendwa Yaya Ghislain, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani Mweru. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Liège, wewe na wifi yangu Thelma na watoto, na kwamba baridi imeanza kuwahurumia. Mgongo wako unaendeleaje? Au bado unaubebesha kazi za vijana? Sisi huku hatujambo. Mvua ni nyingi, mihogo imestawi, na Bwana ametulinda. Malaria ilinitembelea mwezi jana kwa siku nne, ikaona sina nafasi, ikaondoka.

Marufuku ya uvuvi imekwisha tangu tarehe moja, na ufuo umeamka. Baiskeli za samaki zinapita hapa mlangoni tangu alfajiri, na binti yangu Mimi amerudi kwenye meza yake ya sokoni. Kelele zake za kuita wateja nazisikia hadi jikoni.

Utashangaa kwa nini naandika wakati tuna simu. Mchungaji wetu anasafiri kuja huko, ndiye anayeibeba barua hii. Lakini sababu yenyewe ni kwamba jambo hili nililiharibu kwa simu, maneno yalipotoka haraka kuliko akili. Safari hii nataka usome polepole, na usipate njia ya kunikatiza.

Nianze na gari lako. Usiogope, lipo, na lina afya kuliko ulivyoliacha. Unakumbuka jinsi hiyo Land Cruiser ilivyokuwa ikikalia makalio ukiipa mzigo, kama kuku anayetaka kutaga, taa zikimulika matawi ya miti badala ya barabara. Royd, fundi wa karibu na njia ya bandarini, aliifungua akanionyesha springi za nyuma: zimechoka, na moja imefupika kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Ametia mpya, nene zaidi, za kubeba mzigo, pamoja na shokapu zake. Katikati ya springi ameweka mipira ya hewa. Tunaijaza tukifunga trela, tunaipunguza tukirudi bila mzigo. Ukisahau kuipunguza, utarushwa kwenye kila shimo. Mama mkwe wa jirani yetu Nkonde alipanda mara moja tu, na sasa anasema miguu yake inamtosha. Lakini trela ikifungwa, gari linasimama sawa mbele na nyuma.

Sasa jambo lenyewe. Januari nilikupigia nikakuambia kwamba mdogo wetu Michée amepindua trela karibu na Kabuta, kwamba mashua tuliyoinunua Samfya imepasuka ubavu, na kwamba mzee Chewe na baiskeli yake amejirusha kwenye nyasi akateguka bega. Nilikuambia Michée anaendesha kama mlevi. Ulikasirika, ukataka umsikie kwenye simu hiyohiyo, ukamwambia aweke funguo mezani na asiguse tena gari lako. Aliziweka. Hakujibu hata neno moja, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ushahidi. Kesho yake alimchukua mkewe Bénie wakavuka ziwa kwenda kwa wakwe zake, Kisiwa cha Kilwa. Habari ikaenea hapa kwamba Michée ni dereva wa kuangusha, na yule mfanyabiashara aliyekuwa amemwahidi lori lake akampa mtu mwingine.

Nami nikaendelea na hekima yangu. Nikasema, dereva mbovu tumeshamwondoa, sasa tuondoe springi mbovu. Ndipo Royd akafanya kazi hiyo niliyokueleza. Mashua ikazibwa, tukaipakia kama mwanzo, tukaenda kuijaribu kwenye barabara ya Mansa. Usukani nilimpa Davies, mtu wa miaka ishirini kwenye malori. Royd alikaa pembeni yake, mimi nyuma.

Hatukumaliza kilomita kumi. Mwendo ulipopanda kidogo, trela ikaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, ikilivuta gari letu kule inakotaka yenyewe. Nilishika kiti nikaanza kusali kwa sauti. Davies hakukanyaga breki. Aliachia mafuta polepole mpaka ikatulia. Tuliposimama, alizima injini. Springi mpya, dereva mwingine, na ugonjwa uleule.

Royd alishuka, akaweka mawe kwenye magurudumu ya trela, akaifungua kutoka kwenye gari. Kisha akaniomba niinue mkono wa trela, kile chuma cha mbele kinachoshika gari. Nilidhani ananitania. Nikakishika kwa mkono mmoja, kikainuka kama kifuniko cha sufuria. Mashua nzima, injini yake na magunia tisa ya chumvi, na mwanamke wa umri wangu anainua! Royd alinitazama akasema:

"Ba Régine, hii haiko mu maji. Bwato inapenda kichwa chepesi, trela inapenda kichwa kizito. Nani alipanga hii mizigo?"

Niliipanga mimi. Yaya, sisi tumekulia majini. Baba alitufundisha tangu utoto kwamba mzigo mzito unakaa nyuma, karibu na injini, ili kichwa cha mashua kiinuke na kupanda wimbi. Mimi nilipoiona mashua juu ya magurudumu, bado niliiona mashua, nikaipakia hivyo. Royd alitufanya tuyahamishe magunia, yakae mbele ya magurudumu. Gari lilishuka kidogo tu juu ya springi zake mpya, na tukarudi Kashikishi trela ikitufuata kimya.

Davies alikuwa anapiga mluzi njiani. Mimi nilikuwa nimekumbuka Samfya. Siku ile ya Januari, Michée alikuwa ameyapanga magunia mbele. Mimi ndiye niliyemwambia ayarudishe nyuma yote. Alisema trela itatuchezea. Nikamjibu, mbele ya watu, kwamba nilianza kuvusha mizigo kwenye ziwa hili wakati yeye bado nambeba mgongoni. Akayarudisha, gunia moja moja, bila kunung'unika. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alilisikia la mkuu, na ndiye aliyevunjika.

Na wewe ulipompandishia sauti kwenye simu, alikuwa na neno moja tu la kumwokoa: ni Yaya Régine aliyeagiza. Hakulisema. Unajua kwetu mdogo hamshtaki aliyemlea, tena mbele ya mkubwa wao wote. Mama alipofariki nilimlea mimi, na heshima niliyomfundisha ndiyo iliyomfunga mdomo. Nimelia, Yaya, na unajua mimi si mtu wa kulia.

Jumatatu nilivuka kwenda Kilwa. Michée alinipokea ufuoni, akanibebea mfuko kana kwamba hakuna kitu. Bénie akapika bukari, ugali wetu wa mihogo, na samaki wabichi. Kabla ya kula nilipiga magoti mbele ya mdogo wangu, nikamwambia kosa ni langu tangu mwanzo hadi mwisho. Aliniinua haraka, akiniangalia kwa aibu, akasema hana neno na mimi. Ndipo nikamtolea funguo za gari. Alizitazama, hakuzishika.

"Yaya Régine, miye sikunyanganywa na weye. Ni Yaya Ghislain alisema. Anajua sasa?"

Nilimwambia bado. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama ninaongeza samaki.

Kwa hiyo funguo nimerudi nazo. Davies ameomba kazi ya kuliendesha, nimemkatalia kwa upole. Mashua ipo juu ya trela hapa uani, imepakiwa inavyotakiwa, na wateja wa kisiwani wanaulizia chumvi yao. Wacha waulizie tu, mpaka Michée azishike funguo.

Nakuomba sana, kaka yangu. Mpigie Michée mwenyewe, wakati Bénie yupo na wazazi wa Bénie wanasikia, maana aibu yake ilisikiwa na watu. Ukitaka kumtumia barua hii kama ilivyo, mtumie, sitaona haya. Lakini usimwambie kwamba umemsamehe. Hakukosa. Mwambie tulimkosea.

Nisalimie wifi Thelma na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Binti yangu Mimi anakusalimu, Nkonde anakusalimu, na mzee Chewe pia, ambaye bega lake limepona na hataki kusikia habari za trela. Mungu awape amani nyumbani mwenu, na atukutanishe sote tungali wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Régine