Nywele za Farasi wa Olenguruone

Barasa ndugu yangu,

Leo asubuhi karani wa korti aliinua mfuko wa plastiki ili watu wote waone, akasema hicho ni kielelezo namba tatu. Ndani mlikuwa na nywele za mkia wa farasi, nyeupe, zimefungwa uzi mwekundu upande mmoja vile ulivyopenda kuzifunga. Upande wa pili zilikuwa zimeshikana kwa damu yako. Wakili wa serikali akamuuliza shahidi kama anajua nywele hizo zilikuwa za kazi gani. Yule mama akasema, "Mimi sijui, labda ni mambo ya uchawi." Nilitaka kusimama nimwambie zilikuwa za upinde wangu wa fidla. Lakini mama yako alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, nikabaki nimekaa.

Kesho ni zamu yangu ya kutoa ushahidi. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna kitu nimekificha miezi minane, na siwezi kukisema mbele ya jaji kabla sijakwambia wewe.

Nianze na habari za bendi, kwa sababu najua ndizo ungeuliza kwanza. Waya Moto bado iko hai, ingawa inachechemea. Tunafanya mazoezi Jumapili mchana pale pale kwenye kinu cha posho, mashine zikiwa zimezimwa, na Mwangi akianza kupiga ngoma zake unga unatuangukia kutoka darini mpaka tunatoka tukiwa weupe. Kiti chako hakuna anayekikalia. Sello yako, ile fidla kubwa kama mtu, iko kwa mama yako, nyuma ya mlango, ameifunika shuka la maua. Watu bado wanatuuliza mwimbaji wetu yuko wapi. Zamani Mwangi aliwajibu, "Mwimbaji ni hiyo sello, boss, skiza tu." Siku hizi anawaambia hatuna.

Unakumbuka Salgaa? Ile hoteli ya madereva wa malori, tulipojipanga kati ya meza za nyama na fidla zetu mbili, sello yako na gita, na madereva wakatucheka. "Hii ni kwaya ama ni matanga?" Kisha ukakanyaga ile pedali yako ya kukuza sauti, sello ikanguruma mpaka chupa zikaanza kutembea mezani. Dereva mmoja mnene akaacha nyama yake, akapiga meza kwa ngumi, akapiga tena na tena mpaka sahani ikapasuka, mkono unavuja damu na yeye anacheka. Uliniambia hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi uliyowahi kupewa. Ulichukia watu waliodhani fidla na sello ni vitu vya kubembelezea maharusi. Ulitaka vipige watu kifuani.

Mimi nilikupita kwa fujo. "Unapiga fidla kama unachinja kuku, Chela," ulikuwa ukisema, na kila tulipotumbuiza nywele za upinde wangu zilikatika zikabaki zikining'inia. Yule fundi wa Nairobi aliyekuwa akivalisha pinde nywele mpya alipohama, ukajifunza kazi hiyo mwenyewe. Ukanifundisha kwamba lazima awe farasi dume, maana jike hujikojolea mkia na nywele zake ni dhaifu. Uliziosha kwa sabuni ya unga, ukazichana kwa chanuo la mama yako, ukazichagua moja moja dirishani. Mama yako akalalamika kwamba nyumba yake inanuka zizi na hajawahi kufuga hata mbuzi.

Farasi tulimpata kwa mjomba wangu huko Olenguruone, yule mweupe mzee asiyefanya kazi tena. Mjomba hakuwa na neno. "Kateni tu, mkia utaota tena." Mpango ulikuwa mmoja: kabla hujafika, mimi nipige simu nyumbani kwa mjomba, mtu akungoje langoni. Wewe ulifanya kazi yote ya mikono. Kazi yangu ilikuwa hiyo simu tu.

Sasa nakuja kwa ile Jumapili.

Ulisimamisha wimbo mara tatu. Mara ya tatu ukasema mbele ya wote, "Wacha kukimbia, manze. Hatufukuzwi na mtu." Nikakurushia upinde. Ulikupata juu ya jicho, damu ikashuka, na nywele chache zilizokuwa zimebaki zikakatika zote. Mwangi akaniita mwendawazimu. Wewe ulijipangusa na mkono wa shati, ukaokota upinde, ukautazama, ukasema, "Sawa. Kesho naenda Olenguruone, nitakuvalishia mpya. Piga simu kwenu." Hata hukukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, Barasa, kwamba nilikutoa damu na wewe ukafikiria upinde wangu.

Sikupiga simu.

Polisi niliwaambia nilisahau. Wakaandika hivyo. Mama yako aliposikia alinikumbatia, akasema, "Mtu husahau, mwanangu. Usijiue na hiyo." Tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Kila Jumamosi nakula kwake, nakaa upande wako wa meza.

Yaliyotokea huko nimeyasikia mara nyingi sasa, na kila shahidi huyaongezea jiwe. Wiki ile walikuwa wameibiwa ng'ombe watatu, watu wana hasira na hawana usingizi. Mjomba alikuwa huku Nakuru kupasuliwa jicho. Nyumbani alibaki mwanawe, Kiprotich, binamu yangu, ambaye hakuwahi kukuona. Akakuta mtu mgeni ndani ya boma na kamba, makasi na gunia, amemfunga farasi kwenye mti, nywele za mkia ziko mkononi. Akapiga nduru. Wakaja na marungu na majembe. Wewe ukasema, "Boss, mi si mwizi, niko na ruhusa. Ulizeni Chelangat." Yule mama wa leo asubuhi anasema ulilitaja jina langu mpaka mdomo ukashindwa. Anasema ulikuwa umelala kifudifudi kwenye nyasi na bado mtu mmoja alikuwa akikukanyaga mkono. Daktari alisoma kwamba vidole vinne vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevunjika. Alivisoma kimoja kimoja, nami nikawa nakumbuka kila kimoja kilikaa wapi kwenye shingo ya sello.

Tulikuzika kwa kelele, nadhani ulisikia. Wazee wa kanisa walitaka tenzi peke yake. Mama yako akawaambia, "Wacheni wapige ile yao. Ndiyo alikuwa anapenda." Nilicheza kwa upinde wa kuazima, nikacheza nikitaka kuivunja ile fidla mikononi mwangu, na waya mmoja ukakatika ukanichana hapa shavuni. Sikuacha. Wazee waliziba masikio, na mama yako alikuwa akipiga jeneza kwa kiganja, akifuata ngoma za Mwangi.

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Jana askari alisoma maelezo ambayo Kiprotich alitoa alipokamatwa. Kiprotich alisema kwamba ulipotaja jina langu aliwazuia watu, akatoa simu yake, akanipigia. Sikuchukua. Akanipigia tena. Sikuchukua. Ndipo akasema kumbe ni mwongo, na jiwe la kwanza akalirusha yeye. Simu yake ilipotea siku hiyo hiyo kwenye zile fujo, kwa hivyo wakili wa serikali alisema hiyo ni hadithi ya kujiokoa. Mama yako akaninong'oneza, "Anakusingizia, muuaji huyo." Nikaitikia kwa kichwa.

Hanisingizii, Barasa. Nilikuwa nimekaa kitandani, saa nne asubuhi, simu ikalia. Nikaona jina la Kiprotich. Nikajua umefika, umekwama langoni, mbwa wamekuzunguka, unataka nikutetee. Nikasema moyoni, wacha asumbuke kidogo, na yeye ajue kuaibishwa mbele ya watu kukoje. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye godoro. Ikalia tena. Nikatabasamu. Jioni habari zilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata sijalia, ni kuzifuta zile simu mbili.

Sikusahau kitu. Nilikataa.

Usidhani nataka Kiprotich aachiliwe. Siku ya kwanza walipomleta kortini nilimrukia, nikamrarua shingo kwa kucha, wakahitajika askari wawili kunitoa. Bado natamani kumvunja vidole vinne vya mkono wa kushoto, taratibu, nikihesabu. Tulichunga pamoja tukiwa watoto na sasa siwezi kumtazama bila kutafuta kitu cha kumrushia. Jiwe aliliinua mwenyewe, hakuna simu iliyomwinulia. Lakini kabla ya jiwe aliuliza, na aliyeulizwa ni mimi. Nikisema hivyo kesho, wakili wake atashukuru, na mama yako ataona nimemuuza mwanawe ili nimwokoe mtu wa damu yangu. Nikinyamaza, nitaendelea kuitwa mwanangu, nitaendelea kula kwenye sahani yako. Nimejaribu kunyamaza. Chakula hakishuki.

Naacha kuandika hapa. Naenda kwake sasa hivi kabla moyo haujageuka.

Nimerudi. Jua bado halijatua.

Nilimkuta mlangoni anachagua maharagwe kwenye sinia. Aliniambia niketi, nikakataa, nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, hata lile tabasamu. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu: "Ililia mara ngapi?"

Nikamwambia mbili.

Akaweka sinia chini polepole, asimwage hata punje. Akajifuta mikono kwenye leso. Akanipiga kofi, hapa kwenye kovu la ule waya, nikaona giza. Kisha akanipiga la pili. Nilisimama nikingoja la tatu, nilikuwa nalitaka, nilitaka anipige mpaka achoke. Halikuja. Simu zilikuwa mbili.

Aliingia ndani, nikamsikia akivuta lile shuka la maua kutoka kwenye sello. Alikaa huko kwa muda mrefu. Mara moja nilisikia waya mmoja ukilia, ule mnene, alikuwa ameugusa kwa kidole. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Akasema, "Kesho uende useme hivyo hivyo. Usipunguze hata moja. Na usiniite mama mpaka umalize."

Nimeyabeba hayo maneno njia nzima. Amesema mpaka umalize. Hakusema usiniite tena.

Shavu bado linawaka, Barasa, na nimefurahi linawaka. Kesho nitasimama pale, Kiprotich akiwa upande mmoja na mama yako upande wa pili, nami nitasema ni nani aliyepigiwa na kwa nini hakuchukua. Wamfunge yeye kwa jiwe lake. Langu watajua wenyewe la kufanya nalo.

Nisamehe, ama usinisamehe, hilo nakuachia. Ninachokuahidi ni hiki. Kesi ikiisha nitaomba wanipe kielelezo namba tatu. Nitaziosha nywele ulizonikatia kwa sabuni ya unga na kuzichana kwa chanuo la mama yako kama atanipa. Zitakazobaki na doa sitazitupa, nitazifunga katikati ya upinde pamoja na zingine. Kisha tutaenda kwenye kinu, Jumapili mchana, unga utuangukie, na ule wimbo uliousimamisha mara tatu nitaupiga mpaka mwisho kwa mwendo ulioutaka wewe.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Kama kuna mtu leo, popote, anataka kuuliza habari zako, simu yangu iko hapa mezani. Nimeilaza chali.

Chelangat