Mchele Usio na Picha

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti linaendeleaje na hizi mvua? Mimi huku Dodoma ni mzima, vumbi tu ndilo linanisumbua. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu Baba kwenye simu hasikilizi.

Uliponiambia anataka kuacha mpunga wetu wa supa unaonukia msimu huu, apande ile mbegu isiyonukia kwa kuwa mchele wetu hauna jina sokoni, nilinyong'onyea. Naomba asipande chochote kabla hujamsomea barua hii.

Mzigo wenu ulifika salama. Vile viroba vitatu vilivyokwishatumika, mlivyonunua pale mashineni, vyenye picha ya jogoo, viliisha kwa siku mbili. Vitatu vyeupe vikakaa tu. Mteja wangu mkubwa, Mama Neema anayepikia watu karibu na stendi, hakutaka hata kuvigusa.

"Mimi na jogoo hatuachani, dada. Huo mwingine ukiupika unakuwa bokoboko."

Shamba moja, mashine moja! Lakini nisimcheke sana. Wewe mwenyewe, Mama, ulimrudisha Baba dukani kwa miguu kwa sababu sabuni ile ile ilikuwa na ganda jekundu badala ya ulilozoea.

Tajiri wangu, mwenye duka, akaniambia nihamishie ule mchele kwenye viroba vya jogoo. Nilishaanza kufungua uzi, Mama, aibu ikanishika. Nyinyi mnainama matopeni, halafu mimi namsifia jogoo wa watu. Nikamwomba siku moja. Kesho yake nikapika sufuria ndogo pale mlangoni, nikamwonjesha Mama Neema.

"Huyu sasa ndiye jogoo wangu," akasema.

Nikamwonyesha kiroba cheupe, nikamweleza kwamba hata vile vya jogoo vilikuwa na mchele huu huu. Akaninunia.

"Kwa hiyo siku zile umeniuzia picha?"

Akaondoka bila kununua. Nilijua nimempoteza, na tajiri alinisema sana.

Alhamisi akarudi, hakunisalimia. "Nipimie ule wa kwenu," akasema, kisha akauliza unatoka wapi. Nikamwambia Idete, kwa mama yangu. Tangu hapo anawaambia na wanaokula kwake.

Mzigo ujao tumieni viroba vyeupe, Baba aandike IDETE kwa rangi. Na pale mashineni msikubali uchanganywe na wa watu wengine.

Nisalimie Shangazi muuza samaki, na Mjomba wa Mang'ula, mwambie koti lake nimelipata. Baba mpe shikamoo yake, halafu msomee na hili: jana mchele wetu ulikuwa umekwisha, binti wa Mama Neema akaonyeshwa wa kiroba cha jogoo. Akakunja mfuko wake, akasema, "Mama kasema kama wa Idete haupo, nisilete mwingine."

Apande supa, Mama.

Mwanao akupendaye,
Skola